Mlima wa Kuazima

Tangu nifike Sydney nimesema uongo wa aina nyingi, ule wa kawaida wa mtu anayetafuta kazi: kwamba nina uzoefu, kwamba mgongo hauniumi, kwamba napenda kushirikiana na watu. Hakuna hata mmoja ulioninyima usingizi. Ulionitesa ni ule niliomwambia Mmaori mmoja kuhusu mlima.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye ghala la vifaa vya bafu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni ya Mount Druitt. Yeye alikuwa dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, mzee wa miaka sitini hivi, mabega mapana, mvi amezifunga kisogoni. Mimi nilikuwa mfungaji wa masanduku. Wengine wote walikuwa vibarua wa siku kwa siku. Ukimzoea mmoja leo, kesho amehamishiwa ghala jingine na unaanza upya na mwenzake.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tuliletwa Australia pamoja kutoka kambi ya wakimbizi, magharibi ya Tanzania, mimi na yeye tu, Warundi wawili ambao mmoja wao hakuwahi kuiona Burundi. Mmoja huyo ni mimi. Alipokwenda, nilibaki katika nyumba ya vyumba viwili na kimya ambacho sikuwa nimewahi kukijua, maana kambini hakuna kimya. Nikawa naiacha redio imewashwa jikoni ninapokwenda kazini, ili nikirudi nikute mtu anasema. Watu wa kanisani walikuja wiki tatu na sufuria za maharage, kisha wakarudi kwenye shifti zao, huyu kulea wazee, yule kufua mashuka ya hospitali. Siwalaumu. Na mimi jirani yangu amewahi kufiwa nikampa wiki tatu hizo hizo.

Basi aliyebaki kuniuliza nimelalaje ni yule Mmaori. Hakuwa anauliza kwa kupita. Alikuwa anazima foklifti kwanza, anauliza, halafu anasubiri jibu. Nilikuwa nakwenda kazini kwa ajili ya swali hilo, na naona aibu kuliandika jambo hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sikujua kama alikuwa mtu wa kujulikana. Siku moja alikuja dereva wa lori, Mmaori mwenzake, kuchukua masinki. Akamwona mzee juu ya foklifti, akasimama, akavua kofia. Mzee alimpungia mkono tu, akaendelea kupanga paleti za mbao. Yule dereva akanigeukia mimi niliyekuwa karibu, kama anayenisuta kwa ujinga wangu, akasema baba yake aliisikiliza kaseti ya huyu mtu mpaka utepe ukakatika, akauunga, akausikiliza tena.

Wakati wa chai nikamuuliza. Akasema hayo ni ya zamani. Nikamng'ang'ania. Akanieleza kwamba walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kwanza kwao Nyuzilandi kuchana mistari ya rap kwa Kimaori, wakati vijana wengine wote walikuwa wanawaiga Wamarekani mpaka mwendo. Wazazi wao walichapwa shuleni kwa kuizungumza lugha hiyo, hivyo watoto wakaamua kuipitisha kwenye spika kubwa. Waliimba juu ya ardhi iliyochukuliwa, juu ya magereza yaliyojaa vijana wao, juu ya wabunge waliokuja kwenye misiba kuomba kura. Redio hazikutaka kuwapiga. Wakawa wanapanda juu ya malori kwenye maandamano na kuimba hapo hapo. Sifa walipata, ila sifa haiingii kwenye sufuria, na mwisho wake akavuka maji kuja Sydney kutafuta kibarua kama sisi sote. Huko Quakers Hill anakoishi, majirani wanamjua kama yule baba mwenye mbwa mnene.

Alinisikilizisha nyimbo zao kwenye simu, tumekaa juu ya paleti. Maneno sikuyaelewa. Hasira niliielewa vizuri sana, na nilipenda kwamba haikuwa hasira ya kupiga kelele. Mwanamke alikuwa anachana taratibu, kama mtu anayesoma majina ya watu waliomkosea. Nikamwambia mzee kwamba kambini na mimi nilikuwa nachana kidogo, kwa Kiswahili, na kwamba wasikilizaji wangu walikuwa watulivu kwa sababu mkimbizi akishafika kambini hana tena pa kukimbilia. Alicheka mpaka akamwaga chai. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipomchekesha mtu. Nilifurahi kupita kiasi, na nadhani ndiyo sababu ya kilichofuata.

Akaniuliza: "Mlima wako ni upi?"

Wamaori hawaanzi na jina. Mtu akijitambulisha rasmi anataja kwanza mlima wa kwao, kisha mto, kisha mtumbwi uliowaleta mababu zake, kisha ukoo, na jina lake linakuja mwisho kabisa kama vile si muhimu sana. Wenyewe wanaita pepeha. Alinitajia yake yote hapo hapo, amekaa wima na kikombe mkononi, halafu akanitazama. Ilikuwa zamu yangu.

Sikuwa na mlima. Na hii ni aibu ya pekee kwa mtu kama mimi, kwa sababu Burundi ni nchi ya vilima, na Mrundi ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia kilima kabla ya kitu kingine chochote. Mama hakuwahi kunitajia chetu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, akasema, sisi ni watu wa Mungu, inatosha. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza tena, akainuka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Amekufa bila kusema. Ningeweza kumweleza mzee hivyo hivyo na angenielewa kuliko mtu yeyote katika mji huu. Lakini nilikuwa nimetoka kumchekesha, sikutaka anionee huruma. Nikasema, "Kilimanjaro."

Mlima huo nimeuona kwenye kalenda ya darasani kambini na kwenye lebo za chupa za maji. Kutoka kambini ungeweza kuufikia kwa siku mbili za basi kama ungeruhusiwa kutoka, na hatukuruhusiwa. Ila mwalimu wetu, Mtanzania mkali, alitukaririsha jiografia ya nchi yake kwa fimbo, kwa hiyo mzee aliponiuliza mto, Pangani ulikuja wenyewe. Akauliza mtumbwi. Nikamwambia sisi tulikuja kwa ndege, tena tulikaa nyuma karibu na choo. Akacheka tena, na mimi nikajiona nimefaulu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi saba. Kila asubuhi mzee alikuwa ananisalimu kwa kuutaja mlima wangu, na mimi namsalimu kwa kuutaja wake. Aliniuliza kuhusu theluji, nikawa nasoma habari za theluji kwenye simu ndani ya treni ili nisiaibike. Mara nikamwambia babu yangu alifuga nyuki mteremkoni. Sijui nyuki walitoka wapi. Kanisani nikamuuliza nesi mmoja Mkenya, kwa kuzungukazunguka, kama amewahi kuuona mlima wenyewe. Akasema unaonekana vizuri zaidi kutoka upande wao, Watanzania wanaona mgongo tu. Nilicheka naye, lakini nilikwenda nyumbani na uchungu, kwa sababu hata huyo aliyetania alikuwa na haki ya kutania.

Halafu mzee akaja na habari. Wale wa kundi lao walikuwa wanataka kurekodi wimbo mmoja wa mwisho. Mwanamke, ambaye sasa ni mwalimu wa shule, angekuja kutoka Nyuzilandi kwa wiki moja. Mwenzao wa tatu ameshafariki, na mistari yake minane haikuwa na mtu. Walishauriana kwa simu, wakaona wasimpe Mmaori mwingine, maana ingekuwa kama kumbadilisha marehemu. Wakaona wampe mtu wa mbali mwenye lugha yake. Ningechana kwa Kiswahili, na ningeanza kama kila mmoja wao anavyoanza, kwa mlima wangu.

Nilipaswa kumwambia siku ile. Nilijua kabisa kwamba nikisema ukweli nitampoteza mtu pekee niliyekuwa naye, na nikinyamaza nitasimama kwenye nafasi ya marehemu na kusema uongo. Nilipiga hesabu ya mwoga. Nikasema ni heshima kubwa, nitajitahidi.

Nilikwenda kurekodi Jumamosi mchana. Studio yenyewe ilikuwa banda la gari nyuma ya nyumba ya mzee, kuta zimezibwa na magodoro ya zamani, mbwa mnene amelala mlangoni. Yule mwanamke alinipokea kwa kunigusisha paji la uso na pua, kama wafanyavyo kwao, akashika bega langu muda mrefu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani, na sauti ile ile ya kwenye simu. Alipokuwa akimimina chai akanieleza wimbo wao wa kwanza kabisa ulihusu nini. Ulihusu mlima wa mababu zake. Wageni walipofika waliubandika jina la bwana mkubwa mmoja wa kwao, mtu ambaye hakuwahi kuukanyaga, na kwa miaka mingi hata watoto wa pale waliuita hivyo shuleni. Marehemu mwenzao alikwenda kukaa juu ya mlima huo na watu wengine, wakaambiwa washuke, yeye akakataa, akalala rumande. Alisema haya bila kunikazia macho, anakoroga sukari.

Nikavaa hedifoni. Biti ikaanza. Nilikuwa nimeiandika mistari vizuri, vina vinaanguka panapotakiwa, na Kilimanjaro ni neno tamu mdomoni. Nikafungua kinywa, halikutoka. Mzee akarudisha biti mwanzo, akafikiri ni woga wa maiki. Mara ya pili nikavua hedifoni.

"Ule mlima si wangu," nikasema. "Sijawahi hata kuuona."

Mzee alizima mashine. "Ni wa nani?"

"Wachaga."

"Wanajua kwamba umeuchukua?"

Mwanamke alichukua kikombe chake akatoka nje polepole, akamruka mbwa. Nikaanza kueleza habari za mama, kambi, kalenda, lakini nilikuwa nimechelewa, na ukweli ukija nyuma ya uongo unasikika kama uongo wa pili. Hata masikioni mwangu ulisikika hivyo. Mzee hakupandisha sauti. Alisema maisha yake yote ameimba dhidi ya watu waliofanya jambo hilo, na kwamba ile haikuwa nafasi yake yeye kuwa mkarimu nayo, ilikuwa nafasi ya mwenzake. Kisha akaniambia niende nyumbani. Nikatembea mpaka stesheni ya Quakers Hill, nikapitisha treni mbili kabla ya kupanda, kwa sababu sikuona nyumba yenyewe ya kukimbilia ni ipi.

Kazini hakuninunia, na hilo ndilo lililoniuma. Alinisalimu "morning" kama anavyomsalimu kibarua wa siku moja, hazimi foklifti. Wakati wa chai alikaa pale pale na mimi nikakaa pale pale, tukazungumza habari za mvua. Afadhali angenitukana. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Mimi ule mbaya nimeuonja mita moja kutoka kwa mtu aliyekuwa rafiki yangu, anayenipa nusu ya mkate wake kwa adabu tu.

Nikakaa hivyo wiki tano. Kisha hasira ikaanza kunigeukia upande mwingine, ikamwendea mama. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, lakini mimi sikukataa kwetu, nilinyimwa. Na kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningeweza kwenda kumwuliza: mama mmoja wa makamo ya mama yangu anayeishi Granville, nyuma ya duka la mapazia. Walikimbia pamoja wakiwa wasichana. Kila Jumapili baada ya ibada mama alikuwa anataka nimpeleke kwake kusukwa nywele. Wakati huo nilikuwa na gari. Ningekaa nje ndani ya gari nasikiliza muziki mpaka atoke, na tangu mazishi sikuwa nimekwenda kumjulia hali hata mara moja.

Hakunilaumu. Alinikalisha jikoni, akasema naonekana nimechoka. Nikamwambia moja kwa moja, bila hata kusubiri chai: "Mama mkubwa, nataka jina la kilima chetu."

Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kilichopita Kongo kabla ya kufika Tanzania: "Kaka ya mama yako alirudi kule kudai shamba. Alikuwa anajua jina ya kolini, ya kile kilima, anajua mipaka, anajua mpaka miti. Walimuua. Bon, mama yako akasema, huyu wangu hatajua kitu. Mtu hawezi kwenda kufia pahali hapajui."

Miaka yote nilidhani mama ameniacha mikono mitupu. Kumbe alinificha. Nilikaa pale na hasira yangu haina tena pa kukaa, nikalia kama nilivyoshindwa kulia msibani, na yeye akaniacha nilie, akawasha jiko.

Nikamuuliza kama mama alimwapisha. Akasema, "Ndiyo, aliniapisha nisikwambie ukiwa mtoto." Akanitazama, mvi zangu na kitambi changu, akasema, "Sasa wewe ni mtoto?"

Akalitaja. Ni neno moja fupi. Sitaliandika hapa, kwa sababu kuna watu wanaolima pale sasa, nao wana watoto, na jina la shamba likishaandikwa na mtoto wa mtu aliyefukuzwa linakuwa kitu kingine. Alinitaka nilirudie. Nikakosea, akanisahihisha, nikakosea tena. Mara ya tatu nilipopatia, akafunika uso kwa kanga.

Nywele, alisema, zilikuwa zinasukwa kweli, lakini si kila Jumapili. Kila Jumapili walikuwa wanalitamka hilo jina, yeye na mama yangu, mara moja tu, wamefunga mlango wa jikoni. Wakati huo mimi nimekaa nje ndani ya gari. "Tangu afe," akasema, "sina mtu wa kulisema naye."

Jumatatu nilimfuata mzee kwenye foklifti kabla ya kengele. Nikamwambia ninalo. Sikueleza zaidi. Alizima foklifti, akashuka, akavua kofia, akasubiri. Nikalitaja, na mto wa chini yake ambao mama mkubwa alinipa pia, na ukoo, na mwisho jina langu. Yeye akanijibu kwa kunitajia mlima wake, mto wake, mtumbwi wake, ukoo wake na jina lake, yote, kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Vibarua wawili walitupita na masanduku, wakafikiri tunagombana.

Wimbo ulikuwa umeshatoka. Mistari minane ya marehemu waliiacha wazi, ngoma inakwenda bila mtu, na mzee aliniambia wazi kwamba walifanya hivyo kwa heshima ya mwenzao, si kwa kunisubiri mimi, nisije nikajidanganya tena. Ninao kwenye simu. Nimeusikiliza mara nyingi ndani ya treni na mimi simo.

Aliniuliza nani mwingine huku anakijua kilima hicho. Nikamwambia, mama mmoja tu wa Granville. Akauliza ana miaka mingapi, nikamwambia, akatikisa kichwa na kusema nisimtembelee kwa kubahatisha. Kwa hiyo kila Jumapili napanda treni. Mama mkubwa anafunga mlango wa jikoni, tunalitamka mara moja, mimi na yeye, halafu anamimina chai na kuniuliza kwa nini sioi. Magoti yake yamevimba siku hizi, na wiki iliyopita nilimkuta hajatoka kitandani. Siku akienda, nitafunga mlango na kulisema peke yangu, na hakutakuwa na mtu wa kuniambia kama nimepatia.